Waifai ya Mtaani Hutoka Wapi? Unacholipia Kila Mwezi, na Kwa Nini Bei Hubadilika Ukivuka Barabara

Mwisho wa mwezi ukifika, malipo ya wakaazi wa Nairobi hufuatana karibu kwa mpangilio uleule. Kodi ya nyumba kwanza, tokeni za stima, takataka, halafu waifai. Hayo matatu ya kwanza watu huyalipa wakinung'unika lakini wakielewa. Waifai ndiyo hutuletea maswali.

Juzi mteja mmoja wa Kangemi alituuliza hivi: analipa shilingi 1,500 kwa mwezi kwa kampuni ndogo ya mtaani. Mchana intaneti iko sawa, lakini ikifika saa mbili usiku video inazunguka tu. Rafiki yake wa Mountain View, dakika chache kwa miguu, analipa karibu mara mbili na hana shida hiyo. Sasa ile kampuni ya mtaani imemletea ofa: lipa 15,000 mara moja upate mwaka mzima, badala ya 18,000. Je, alipe?

Swali ni zuri, na jibu si la ndiyo au la. Ili ujue kama utalipa mwaka mzima mbele, inafaa ujue kwanza pesa yako ikitoka kwenye simu huenda wapi, na huyo anayekuuzia waifai ananunua kwa nani. Leo tutaieleza safari hiyo yote, kisha mwishoni turudi kwa ofa ya yule mteja.

Intaneti nayo ina Marikiti yake

Mama mboga wa Kangemi halimi sukuma. Anaamka alfajiri, anaenda sokoni, ananunua gunia kwa bei ya jumla, anarudi mtaani na kukukatia za 20 bob. Faida yake ni ile tofauti kati ya bei ya gunia na bei ya kifungu, ukitoa nauli na kodi ya kibanda.

Kampuni ndogo ya intaneti hufanya biashara hiyohiyo. Intaneti nyingi ya Kenya huingia nchini kupitia kebo zilizolazwa chini ya bahari na kutia nanga Mombasa. TEAMS na SEACOM zilifika mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010, na nyingine zimeongezeka tangu hapo. Kabla ya 2009 tulitegemea setilaiti, ambayo ilikuwa ghali na ya polepole. Kutoka Mombasa, faiba husafirisha data hadi Nairobi. Hapa mjini kuna faiba nyingine ya kuisambaza kwenye barabara kubwa na majengo. Halafu kuna kipande cha mwisho, kutoka kwa nguzo au mlingoti hadi ruta iliyo juu ya kabati lako.

Kampuni kubwa humiliki sehemu kubwa ya safari hiyo. Kampuni ndogo kwa kawaida humiliki kile kipande cha mwisho tu: antena juu ya paa, waya zinazoingia kwenye ploti, na fundi wa kuzirekebisha. Vingine vyote hukodisha au hununua kwa jumla kutoka kwa kampuni kubwa zaidi. Kwa hivyo ukilipa 1,500, sehemu ya pesa hiyo haikai mtaani hata siku moja. Inapanda juu kwa muuzaji wa jumla, mwenye nguzo, mwenye paa, na serikali kupitia kodi na leseni.

Hesabu ya saa mbili usiku

Tuchukue mfano, tarakimu ni zetu za kurahisisha maelezo. Kampuni ndogo inanunua laini ya jumla ya Mbps 500. Ina nyumba 200, na kila nyumba imeuziwa "Mbps 10". Ukizidisha, wateja wameahidiwa Mbps 2,000 kwenye laini ya 500. Yaani uwezo mmoja umeuzwa mara nne.

Kabla hujakasirika, jua kwamba kila kampuni ya intaneti hufanya hivyo, kubwa kwa ndogo. Si wizi. Watu hawatumii intaneti wote kwa wakati mmoja, kama vile benki haiweki kila shilingi ya kila mteja kwenye droo. Nyumba 100 zikitazama video inayokula Mbps 5, jumla ni 500 na laini inatosha kabisa.

Lakini saa mbili usiku watu wamerudi kutoka tao, watoto wako kwenye simu, mechi imeanza. Nyumba zikifika 150, mahitaji ni Mbps 750 na laini bado ni 500. Hapo ndipo kale kaduara huanza kuzunguka.

Dawa yake inajulikana: kununua laini kubwa zaidi. Kinachofanya kampuni ndogo isiinunue mara nyingi ni bei ya jumla. Ikiwa laini ya ziada inagharimu zaidi ya kile nyumba mpya zitaleta, mwenye kampuni atachelewesha, na wewe ndiye utakayelala bila kumaliza filamu.

Muuzaji wako akiwa pia mshindani wako

Sasa rudi sokoni. Fikiria Marikiti yote ina mlango mmoja, na mwenye mlango huo ana kibanda chake cha sukuma pale Kangemi, hatua kumi kutoka kwa mama mboga wetu. Asubuhi anamuuzia gunia. Mchana wanagombania wateja walewale.

Anaweza kumbana bila kufunga mlango. Anaweza kupandisha bei ya gunia na kushusha bei ya kifungu kwenye kibanda chake, hadi ile tofauti aliyoitegemea mama mboga iishe. Anaweza kumhudumia wa mwisho. Akipata sukuma iliyonyauka, anaweza kumwambia angoje hadi kesho.

Kwenye intaneti mambo yanaweza kwenda vivyo hivyo. Kampuni inayomiliki faiba na pia inauza intaneti ya nyumbani ina sababu mbili zinazovutana: inapata pesa ikikodisha faiba kwa kampuni ndogo, lakini inapoteza mteja wa moja kwa moja. Ndiyo maana wachumi huwa wanauliza swali moja kabla ya mengine yote: je, bei ya jumla inamwachia mnunuzi nafasi ya kuishi?

Faiba si mlango pekee. Kuna nguzo. Nairobi, kebo nyingi za intaneti hupita kwenye nguzo za Kenya Power, na ruhusa ya kuzitumia hulipiwa. Kenya Power yenyewe hukodisha faiba iliyopitishwa kwenye njia zake za umeme. Na kuna mlango mwingine ambao wapangaji wengi wa Westlands, Lavington na Kawangware wanaujua vizuri: landilodi. Akikubaliana na kampuni moja tu, hizo nyingine hazipandi ngazi. Hapo hata mtaa ukiwa na kampuni kumi, wewe una moja.

Tumeyaona haya kwenye pesa za simu

Kama umetumia pesa za simu kwa muda, hadithi hii si ngeni.

Huduma ya M-Pesa ilianza mwaka 2007, na kwa miaka kadhaa wakala wa Safaricom hakuruhusiwa kuhudumia mtandao mwingine. Mtandao mpya ungeweza kuwa na huduma nzuri na ada ya chini, lakini ungetoa pesa zako wapi? Kujenga mtandao wa mawakala kutoka mwanzo huchukua miaka na mabilioni. Airtel ilipeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya (CAK), na mwaka 2014 sharti hilo likaondolewa. Ndiyo maana leo unaona duka moja lina mabango ya rangi mbili au tatu.

Aprili 2018 kutuma pesa moja kwa moja kutoka pochi ya mtandao mmoja hadi mwingine kukaanza kuenea. Aprili 2022 ikafuata zamu ya malipo ya madukani, ili mteja wa mtandao mmoja aweze kulipa mfanyabiashara wa mtandao mwingine.

Simu za kawaida nazo zina bei yao ya jumla. Ukimpigia mtu wa mtandao mwingine, mtandao wako humlipa mwenzake kwa kila dakika kukuunganisha. Mamlaka ya Mawasiliano (CA) ilishusha malipo hayo kutoka senti 99 hadi senti 58 Agosti 2022, kisha senti 41 Machi 2024. Wewe hukuona bili hiyo, lakini imo ndani ya kila dakika unayonunua, na mtandao mdogo ndio huumia zaidi ikiwa juu, kwa sababu wateja wake wengi hupiga nje.

Somo ni lilelile kote. Mwenye njia akifungua njia, wadogo hupata nafasi, na mteja hupata chaguo.

Kisa cha mtambo uliozimwa

Intaneti ya Nairobi ina kisa chake, na kilitokea kabla wengi wetu hatujajua barua pepe ni nini.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Telkom Kenya ndiyo peke yake iliyokuwa na haki ya kupitisha mawasiliano ya kimataifa. Kampuni za intaneti zilinunua kwake. Matokeo yake yalikuwa ya kuchekesha kama si ya kuumiza mfuko: barua pepe kutoka ofisi moja ya Nairobi hadi ofisi jirani inayotumia kampuni tofauti ilipanda setilaiti, ikaenda ng'ambo, ikarudi. Ililipiwa kwa dola kwenda na kurudi, wakati wenyewe wangeweza kusalimiana dirishani.

Kampuni hizo, kupitia muungano wao wa TESPOK, zikaamua kujenga mahali pa kukutania hapa nyumbani. Zikakiita KIXP, kituo cha kubadilishana data. Kiliwashwa Novemba 2000. Telkom ikalalamika kwamba haki yake imevunjwa, na baada ya wiki chache tu msimamizi wa wakati huo, CCK, akaagiza kizimwe.

Wadogo hawakuenda nyumbani. Walibishana na msimamizi mwaka mzima, wakieleza kwamba data inayotoka Nairobi na kuishia Nairobi haiwezi kuitwa ya kimataifa. Leseni ikapatikana Novemba 2001, na Februari 2002 KIXP ikawashwa tena. Safari iliyokuwa ikichukua zaidi ya sekunde moja ikashuka chini ya sehemu ya kumi ya sekunde.

Utafiti wa Internet Society wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kufikia wakati huo takriban asilimia 70 ya data ya Kenya ilipatikana humu nchini, kutoka asilimia 30 mwaka 2012. Kila data inayopatikana hapa ni data ambayo kampuni yako ndogo haihitaji kuinunua kutoka ng'ambo. Bila KIXP na vituo vya data vilivyokuja baadaye, ile 1,500 yako isingewezekana.

Sheria inasemaje?

Kenya ina wasimamizi wawili hapa. CA hutoa leseni na kusimamia ubora. CAK huangalia ushindani katika biashara zote.

Sheria ya Ushindani ya 2010 inasema kampuni yenye nusu au zaidi ya soko ni kubwa kiasi cha kutawala. Yenye asilimia 40 hadi 50 pia huhesabiwa hivyo, isipokuwa ionyeshe kwamba haina nguvu hizo. Kuwa mkubwa si kosa. Kosa ni kutumia ukubwa huo kuwazuia wengine. Upande wa mawasiliano, kanuni za 2010 kuhusu uunganishaji na matumizi ya pamoja ya miundombinu zinataka wenye leseni waombane na kujadiliana njia, na wakishindwa kuelewana CA inaweza kuingilia.

Leseni zenyewe zimegawanywa tangu 2008 kulingana na kazi: mwenye kujenga miundombinu ana yake, mwenye kuuza huduma juu ya miundombinu ya wengine ana yake. Ndiyo maana kampuni inaweza kuwa halali kabisa bila kumiliki hata mita moja ya faiba ya barabarani. Hata mitandao ya jamii, kama ile ya TunapandaNET kule Kibera, sasa ina aina yake ya leseni.

Tofauti na dakika za simu, bei ya jumla ya intaneti kwa kiasi kikubwa hutoka kwenye meza ya mazungumzo. Na mezani, anayenunua laini moja hawezi kubishana kama anayenunua elfu. Hapo ndipo wadogo wengi hubanwa, na hapo ndipo mjadala wa ushindani ulipo.

Mshindani akiingia, nini hutokea?

Starlink ilianza kuuza Kenya Julai 2023. Hiyo haikuhitaji nguzo, faiba ya mtaani wala landilodi mwenye mkataba. Julai 2024 Safaricom iliiandikia CA ikitaka kampuni za setilaiti zifanye kazi kwa kushirikiana na kampuni zenye leseni humu nchini. Septemba mwaka huohuo Safaricom ikaongeza kasi ya faiba ya nyumbani. Kifurushi cha shilingi 2,999 kikatoka Mbps 10 hadi 15, na kile cha Mbps 40 kikafika 80, bei zikibaki palepale.

Lakini Novemba 2024 Starlink nayo ikasimamisha kuandikisha wateja wapya Nairobi kwa muda, kwa sababu uwezo ulikuwa umejaa. Unakumbuka hesabu yetu ya nyumba 150? Hata mbinguni hesabu ni ileile.

Kabla hujalipa, fanya haya

*Hakiki leseni.* CA huchapisha orodha ya wenye leseni kwenye tovuti yake. Jina lililo kwenye risiti yako ndilo liwe kwenye orodha, si jina la ukurasa wa Facebook.

*Lipa kwa nambari ya biashara.* Tumia Paybill au Till, na usome jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Fundi akikuambia "tuma tu kwa namba yangu," mwambie ungependa kulipa kampuni. Ukituma kwa namba ya mtu binafsi na kesho awe ameacha kazi, kampuni itasema haikupokea kitu.

*Andika nambari ya akaunti kwa makini.* Makosa mengi tunayoyaona ni tarakimu moja. Weka ujumbe wa malipo, usiufute.

*Uliza maswali mawili.* Kwanza: "Mnanunua laini kwa kampuni ngapi?" Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, intaneti ilidorora Kenya nzima. Aliye na njia zaidi ya moja hupata pa kupitia. Pili: "Saa mbili usiku napata Mbps ngapi?" Muuzaji mwaminifu hatakutajia ile ya saa nne asubuhi.

*Pima mwenyewe.* Pima kasi usiku, siku tatu mfululizo, ukiwa karibu na ruta. Piga picha za skrini. Wakati mwingine kosa ni ruta ya zamani au ukuta mnene, na haitakuwa haki kumlaumu mtoa huduma.

*Lalamika kwa utaratibu.* Anza na kampuni yenyewe, kwa maandishi, na uweke nambari ya lalamiko. Wasipokujibu, peleka kwa CA ukiwa na risiti na zile picha.

Basi, alipe 15,000?

Hivi ndivyo tulivyomjibu mteja wetu wa Kangemi.

Ofa hiyo inamwokolea shilingi 3,000. Ni sawa na miezi miwili ya waifai. Kwa upande wa pili, anaweka mbele pesa ya miezi kumi kwa kampuni ambayo gharama yake kubwa inaamuliwa na mtu mwingine. Bei ya jumla ikipanda mwezi wa nne, au wakikosana na muuzaji wao, kampuni ina njia tatu: kupandisha bei, kuongeza wateja kwenye laini ileile, au kufunga. Aliyelipa mwaka mzima hawezi kuhama kirahisi. Anayelipa kwa mwezi huhama kwa kubadilisha nambari ya Paybill.

Pia kuna sababu nzuri ya kampuni kutoa ofa hiyo. Pesa ya mapema inaweza kununua laini kubwa, na ile shida ya saa mbili ikaisha. Kwa hivyo tulimwambia aulize: "Hii pesa mnataka kuongeza laini? Lini?" Akapima kasi usiku, akakuta Mbps 3. Tukamshauri aombe ofa ya miezi mitatu kwanza, alipe kwa Paybill, apime tena mwezi wa pili.

Kampuni ilikubali, ikampa punguzo dogo. Bado yuko nao. Kama umeletewa ofa kama yake mwezi huu, anza na zile hatua sita hapo juu kabla hujaweka PIN.